Naombeni ushauri: mtoto mchanga apasuliwe kwa matundu au afunguliwe tumbo?

BabaNasra_Ngaramtoni: Wakuu habari za usiku. Nina binti, kifungua mimba wetu, macho ya njano hayaishi, juzi kapigwa utrasaundi na damu ikapimwa wakasema mirija ya nyongo imeziba, operesheni haikwepeki. Nimesikia India wanatumia matundu madogo na kamera, na mimi nikikiangalia hiki kitumbo roho inakataa kabisa kichanwe. Mwenye uzoefu, kuishi kule mwezi mzima ni kama shilingi ngapi?

Mangi_Kibosho: Matundu ndo mpango mzima mkuu. Bro wangu katolewa mawe ya kifuko cha nyongo Alhamisi, Jumamosi yuko shambani anakagua kahawa, tukimwambia apumzike anatufokea.

MamaLulu: Pole baba. Wangu alikuwa njano hivyohivyo, nikawa namtoa nje jua la saa 1 asubuhi, ikaisha. Siku hizi mnawahi visu, maombi mmeyaweka wapi?

nesi_wa_zamu: Jua halizibui mrija. Njano ikivuka siku 14 mtoto apimwe. Baba Nasra, ana siku ngapi?

BabaNasra_Ngaramtoni: Bado mdogo tu dada, ananyonya vizuri.

nesi_wa_zamu: Siku ngapi baba.

BabaNasra_Ngaramtoni: Kesho 57. Ila kiwanja nimeshauza, India nimeshalipia nafasi, pasi yake ikitoka tunaondoka baada ya wiki tatu. Namtafutia kilicho bora, kosa langu liko wapi?

nesi_wa_zamu: Wiki tatu zijazo atakuwa na siku kama 78! Operesheni hii ya Mjapani Morio Kasai, wanakata mirija iliyokufa wanapandisha utumbo wanaushona kwenye ini, na inashika vizuri zaidi kabla ya siku 60 maana ini linazidi kukakamaa. Mawe ya mtu mzima ni habari nyingine. Hata uvimbe wa mfereji wa nyongo kwa watoto matundu yanafaa, ila kwa hii ya kuziba, Hannover kule Ujerumani walilinganisha, 2011 wakatoa majibu: waliofanyiwa kwa matundu waliobaki na ini lao wenyewe walikuwa wachache kuliko waliofunguliwa tumbo. Kovu litafifia baba, ini halisubiri.

Chuga_mkweli: Hii chai. Akaunti ya juzi, siku hadi zivutwe kwa koleo, sasa hivi inashuka namba ya michango.

BabaNasra_Ngaramtoni: Sijaomba hata mia ndugu yangu. Saa 10 hii nimetoka kubadilisha nepi, choo cheupe kama sembe iliyopoa, mkojo umetia doa la njano kwenye kanga ya mama yake. Umri nilificha kwa sababu choo kilianza hivi wiki ya tatu na mimi ndo nilisema tusubiri.

Chuga_mkweli: Nisamehe kaka. Natoka soko la Kilombero hapa Arusha saa 11 na Noah, napeleka mzigo Moshi, nawapitia niwashushe hospitali ya KCMC.

nesi_wa_zamu: Nendeni. Uliza na vitamini K, nyongo isiposhuka mtoto anavuja damu kirahisi. Na hiyo nepi usiitupe, ifunge kwenye mfuko uende nayo daktari aione.