Sakafu ya tailizi za VCT inatoa unga mweupe, niongeze polishi au nibandue yote? Nipo Mbeya

Msimamizi_Kabwe:

Wakuu habari za jioni. Nipo Mbeya mjini, nasimamia usafi kwenye jengo la biashara, chini kuna duka la dawa na sehemu ya wateja kusubiri, juu ni ofisi na korido ndefu. Sakafu karibu yote ni tailizi za vinaili zile ngumu za mraba, sentimita 30 kwa 30, zenye madoadoa, wauza vifaa wanaziita VCT. Tenda tumeichukua mwezi wa tano mwishoni kutoka kwa wenzetu waliokuwepo, na wao kabla ya kuondoka waliosha na kupaka polishi mpya jengo zima.

Sasa shida iko hivi, korido ya juu inatoa unga, ukipita na viatu vyeusi vinarudi vyeupe, asubuhi ukifagia unapata vumbi jeupe laini ambalo wala halifanani na vumbi letu la huku jekundu. Chini pale mlangoni polishi imeshakwisha kabisa, pameparara, tailizi zimekuwa za kijivu zinanyonya kila kitu, chai ikimwagika doa halitoki. Afu huko nyuma karibu na choo kwenye maungio ya tailizi panatoka kitu cheupe kama chumvi, unafuta leo keshokutwa kipo tena.

Mwenye jengo anasema tuongeze tu polishi juu yake ing'ae na anataka ndani ya mwezi huu wa saba. Fundi mmoja wa hapa mtaani ananishauri tuchanganye wax ya sakafu ya sementi na mafuta ya taa tupake, eti ndio inashika. Vijana niliowakuta wanadeki kwa sabuni ya unga na jiki. Mashine ya kusugua tunayo moja ya spidi ndogo. Naombeni msaada jamani, niongeze au nibandue?

Fundi_Uyole:

Kaka usiongeze chochote kwanza. Hapo una ugonjwa wa aina tatu na kila mmoja una dawa yake, ukipaka polishi juu unaufungia ugonjwa ndani.

Anza na korido ya juu. Unga ule ni polishi yenyewe inapukutika. Polishi za VCT ni za maji, ndani yake kuna chembe ndogo sana za akriliki, aina ya plastiki, maji yakikauka zile chembe zinatakiwa zishikane ziwe ngozi moja. Zisiposhikana zinabaki unga. Zinakosa kushikana kwa sababu kubwa mbili: dawa ya kubandulia ilibaki sakafuni kwa kuwa hawakusuuza vizuri, au baridi. Naomba uulize walinzi hao jamaa walipaka saa ngapi, maana wasafi wengi tunapewa jengo usiku watu wakishatoka, na Mbeya mwezi wa tano mwishoni usiku sakafu ya zege ni ya baridi haswa, mji uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari huu sio Dar. Watengenezaji wengi wanakataza kupaka chini ya nyuzi 10, na ukipata 18 kwenda juu ndio inakaa vizuri. Na joto linaloangaliwa ni la sakafu, maana hewa inaweza kuwa imeshapata joto na zege bado ni la baridi.

Jaribu hivi, chukua kitambaa cheusi kikavu sugua sehemu ambayo watu hawapiti, pembeni kabisa. Kikitoka cheupe basi tabaka lote halikushika na hamna namna, ni kubandua. Kikitoka safi ila katikati panatoa unga, hapo huenda ni tabaka la juu tu.

Mlangoni ni jambo jingine. Hizi tailizi sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 80, ni unga wa mawe ya chokaa, vinaili ni kidogo tu ya kushikilia. Kwa hiyo bila polishi zina vitundu na zinanyonya kama ulivyoona kwa chai. Polishi ndiyo inayokanyagwa, tailizi zenyewe hazitakiwi kuguswa na kiatu. Na kwa vile ni chokaa, mwambie kila mtu asije akamwaga asidi ya chooni hapo kutoa doa, inakula tailizi yenyewe.

Huko nyuma karibu na choo usipake wala usibandue mpaka ujue maji yanatoka wapi. Kile cheupe kwenye maungio ni chumvi za kwenye zege zinapandishwa na unyevu, maji yakikauka zinabaki. Inaweza kuwa bomba linavuja au zege halina nailoni chini. Toa tailizi moja iliyolegea, kwangua gundi, bandika nailoni ngumu ya sentimita 45 kwa 45 kwa gundi ya karatasi pande zote iache saa 16 au zaidi, ukikuta matone chini ya nailoni au zege limekuwa jeusi jua unyevu bado unapanda. Hapo kazi ni ya fundi bomba, sio ya msafi.

Hiyo ya mafuta ya taa tafadhali usikubali. Wax ile ni ya sementi, mafuta ya taa yanalainisha vinaili, yanateleza, na polishi ya maji haitashika juu yake tena. Sehemu ya kusubiri ya duka la dawa wanapita wazee na wagonjwa, mtu akidondoka pale hutajisamehe.

Kamwene_Iringa:

Kamwene wakuu. Naungana na fundi kwa mengi ila mie hapo mlangoni na sehemu ya kusubiri nisingebandua haraka. Kama ukisugua na kitambaa pembeni kinatoka safi, basi osha kwa pedi ya bluu au ya kijani na sabuni isiyo kali, suuza, acha ikauke kabisa, ongeza tabaka mbili nyembamba. Stripa, yaani ile dawa ya kubandulia, ni kali kwa tailizi na kwa mikono ya wadada wanaoitumia, hamna haja ya kuimwaga jengo zima kwa sababu korido moja imeharibika. Kubandua kabisa fanya pale panapotoa unga au palipojaa matabaka ya zamani yamekuwa ya njano.

Ninachotaka kusisitiza mimi ni sabuni na mlango, maana hata mkipaka vizuri vipi mtarudi pale pale. Sabuni ya unga ina magadi, inalainisha polishi taratibu kila siku na inaacha utando, ule utando unashika vumbi, mnaongeza sabuni, unakuwa mzito zaidi. Jiki nayo inafifisha polishi. Tafuta sabuni ya maji ya sakafu ambayo pH yake (kipimo cha asidi na magadi) iko karibu na 7, pima kama kibandiko kinavyosema, sio kumimina kwa macho. Dekio likamuliwe, sakafu iwe na unyevu tu isiwe na dimbwi, na maji ya ndoo yabadilishwe yakishakuwa na rangi ya udongo. Na mkae mkijua, jiki isichanganywe kamwe na stripa au dawa nyingine yoyote, stripa nyingi zina amonia au kemikali za jamii yake na hewa inayotoka hapo inaumiza mapafu, nimeona dada akitolewa nje anakohoa hawezi kuongea. Hili jambo wasimamizi wengi hawawaambii vijana wao na inaniuma sana.

Mlango sasa. Kiangazi vumbi, masika tope jekundu, na mchanga ule ni msasa, kila hatua unakwangua polishi. Weka zulia la kukwangua nje na jingine la kunyonya ndani, urefu uwe mtu anapiga hatua kadhaa kila mguu, tuseme mita 3 hadi 5 kwa jumla ukijumlisha yote mawili, kale kapande ka kufutia miguu ka nusu mita hakasaidii kitu. Yasiwe yenye mpira chini, mpira unatoa doa la njano kwenye vinaili ambalo halitoki hata ukibandua. Na kufagia kwa dekio kavu la nyuzi mara kadhaa kwa siku pale mlangoni kunaokoa polishi kuliko kudeki, ule mchanga utoke kabla haujasambaa.

Msimamizi_Kabwe:

Nashukuru sana wakuu, ndaga fijo. Nimeuliza mlinzi, ni kweli walipaka usiku na asubuhi watu wakapita. Kitambaa korido ya juu kimetoka cheupe hata pembeni, chini kimetoka safi. Kwa hiyo juu nabandua chini naongeza. Huko chooni nimemwita fundi bomba.

Maswali mawili. Moja, naomba unieleze kubandua na kupaka kwa kipindi hiki cha baridi nifanyeje, maana mwenye jengo hawezi kusubiri mpaka mwezi wa tisa. Pili, kuna chumba cha stoo upande wa zamani wa jengo, tailizi zake ni ndogo zaidi, nimepima ni sentimita 23 hivi, za rangi nzito, moja imenyanyuka chini kuna gundi nyeusi. Mwenye jengo anataka tuzikwangue na mashine tuzisawazishe. Nazo ni VCT?

Mama_Usalama_Njombe:

Mwanangu hicho chumba kifunge kwanza usikiguse. Tailizi za kipimo hicho, inchi 9 kwa 9, na gundi nyeusi, kwenye majengo ya zamani ya kabla ya miaka ya 1980 mara nyingi zina asbesto ndani, yale madini ya nyuzi laini yanayodhuru mapafu, tailizi zenyewe au gundi au vyote viwili. Kwa macho huwezi kujua, mpaka kipande kipimwe maabara. Zikiwa nzima na zimetulia hazina shida, nyuzi zimefungwa ndani. Hatari inaanza mkizikwangua, mkizipiga msasa, mkizivunja au mkitumia mashine zikiwa kavu, vumbi lile unavuta leo na ugonjwa wa mapafu unakuja baada ya miaka mingi sana, kijana wako atakuwa ameshaacha kazi hapo zamani na hakuna atakayekumbuka.

Mwambieni mwenye jengo awasiliane na OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wampe utaratibu wa kupima, akatae akubali wewe usiwaingize vijana. Ile iliyonyanyuka usiing'oe, funika na nailoni, bandika pembeni, weka alama watu wasikanyage. Kufagia kavu humo acheni, futeni na kitambaa chenye maji. Na hata siku ikija kuhitajika kubandua polishi kwenye tailizi za namna hiyo, ni kwa maji tu, pedi laini, na mashine ya chini ya mizunguko 300 kwa dakika.

Fundi_Uyole:

Mama kasema vizuri sana, hilo lisikilize kabla ya la kwangu.

Kubandua korido. Fanya Jumamosi au Jumapili, mchana. Saa nne asubuhi jua limeshaingia, fungua mapazia, uwe umemaliza tabaka la mwisho saa tisa hivi alasiri, usivuke hapo kwa sababu jioni baridi inarudi haraka. Kama korido ni ndefu gawa wikiendi mbili, siku moja kubandua na kusuuza, siku inayofuata kupaka, hiyo ya kulala inasaidia tailizi kukauka mpaka ndani.

Stripa changanya kama kopo linavyosema, mwaga kipande kidogo, iache dakika 10 hadi 15 bila kukauka, ikianza kukauka ongeza, kisha sugua na pedi nyeusi kwenye mashine yako hiyo ya spidi ndogo inatosha. Pembeni sugua kwa mkono. Vuta uchafu wote kwa mpira wa kusukumia maji au vakyumu ya maji, usiuache ukaukie hapo. Wote wawe na glavu ndefu, miwani, na viatu vya mpira visivyoteleza, sakafu yenye stripa inateleza kuliko tope la Uyole. Madirisha wazi.

Kusuuza ndipo wenzetu walipoharibu nadhani, ukiongeza na baridi. Suuza kwa maji safi mara mbili kwa dekio jipya, dekio lililogusa stripa lisirudi hapa. Kama unaweza kupata karatasi za kupimia pH, weka kwenye sakafu ikiwa na maji, ikisoma 7 au 8 endelea, ikiwa juu zaidi suuza tena. Ukikosa karatasi, pakishakauka pitisha kitambaa cheusi, kikitoka na weupe rudia.

Polishi paka nyembamba. Lita moja inafunika kama mita za mraba 40 hadi 50 kwa tabaka moja, ukiona imeisha kabla ya hapo ujue unapaka nene, na nene haikauki chini. Weka tabaka nne au tano. Kopo litasema dakika 30 hadi 45 katikati ya tabaka, kwa baridi ya mwezi wa saba wewe weka saa nzima au zaidi, gusa kwa kiganja, isinate. Tabaka la kwanza na la mwisho fika mpaka ukutani, ya katikati acha sentimita 15 hivi kutoka ukutani maana hapo hapakanyagwi na polishi ikirundikana inakuwa njano. Usielekeze feni kwenye sakafu moja kwa moja, juu inakauka chini inabaki mbichi. Polishi yenyewe ilaze ndani penye joto usiku wa kuamkia kazi, usiiache stoo ya nje.

Watu wasipite mpaka kesho yake, na msideki kwa maji siku mbili tatu za mwanzo, dekio kavu tu. Mwambie mwenye jengo hivi: ikifanywa harakaharaka Jumatatu usiku utarudia kazi na stripa na polishi yote mwezi wa nane, yeye ndiye atakayelipa.

Kamwene_Iringa:

Naongezea kidogo, weka daftari la jengo, andika siku mliyopaka, tabaka ngapi, aina ya polishi na kama ilikuwa mchana au usiku. Anayekuja baada yako asianze kubahatisha kama ulivyoanza wewe. Na ukipata majibu ya fundi bomba turudishie hapa, hiyo ya chumvi kwenye maungio nina jengo huku Iringa lina kitu kile kile.

Msimamizi_Kabwe:

Sawa mkuu. Stoo nimeshaifunga na ufunguo ninao mimi. Fundi bomba amekuja leo, kiungo cha bomba la choo ndani ya ukuta kinavuja taratibu, anarudi Alhamisi kubomoa. Korido tumepanga Jumamosi kubandua, Jumapili saa nne tunaanza kupaka.