UZI WA MALALAMIKO: Nalea watoto nyumbani, sijakaa tu kusubiria basi la shule la watu

Wadau habari zenu, zangu mbaya. Naandika nimekaa sakafuni koridoni nje ya chumba wanacholala watoto, simu nimeizima sauti, nikipiga chafya moja tu hapa mchana wangu umekwisha. Kwa hiyo ntaandika mpaka waamke, mkikuta nimeruka maneno mtanivumilia.

Kwa wasionijua, mi nalea watoto wa watu nyumbani kwangu, deikea ndogo ya nyumbani. Ninao watano: wa miezi 7, wa miezi 11, wa mwaka na nusu, wa miaka miwili na wa mitatu. Hao tulikubaliana na wazazi wao, saa ya kuleta, saa ya kuchukua, kila kitu. Ambao sikukubaliana nao na mtu ni wale wakubwa watatu wa basi, kaka na dada wa hawa hawa wadogo, ambao wameingia mmoja mmoja kwa sentensi ile ile utadhani wazazi walikaa wakaiandika pamoja: "Anti, kwa vile wewe upo nyumbani, naomba uwe unampokea tu kwenye basi."

Kampokee TU. Hiyo tu jamani ndo imenileta hapa.

Maana hiyo tu ni mara tatu kwa siku. Asubuhi saa 12 na dakika 50 nawapandisha wote watatu. Saa 7 na robo mchana nampokea wa chekechea maana wao wanatoka mapema. Saa 10 kasoro dakika 10 nawapokea wale wawili wa madarasa ya juu. Mara tatu kwa siku ni mara 15 kwa wiki, na hakuna safari hata moja ambayo naenda peke yangu, kila nikitoka natoka na wale watano, sina pa kuwaacha.

Kutoka mlangoni kwangu hadi linaposimama basi ni dakika 4 kwa mguu wa mtu mzima, nimepima. Kuwaandaa watano watoke nje ni dakika 18, hiyo nayo nimepima, na siku hiyo walikuwa na adabu. Wa miezi 7 namfunga mgongoni, wa miezi 11 na wa mwaka na nusu kwenye kigari, wa miaka miwili ashike upande huu wa kigari, wa mitatu upande ule. Sasa mvalishe wa miaka miwili kiatu, ukigeukia cha pili cha kwanza keshakivua. Wa mwaka na nusu ana kipaji cha kuchafua pampasi pale pale unapofunga mkanda wa kigari, sio kabla, sio baada. Wa mitatu anataka aje na lile dude lake la kuchezea ambalo limepotea na halitafutwi na mtu mwingine isipokuwa mimi. Dakika 18 za kujiandaa, dakika 4 za kutembea, na basi lenyewe likifika halisimami hata dakika moja kamili.

Halafu kuhesabu. Nahesabu mlangoni, nahesabu kwenye geti, nahesabu tukifika, nahesabu tukianza kurudi, nahesabu tukiingia ndani. Kwa sauti, moja mbili tatu nne tano. Nimehesabu mpaka huyu wa miaka miwili amejua namba kabla hajajua kusema sentensi ya maana, ila kwake dunia nzima inaishia tano, akikuta vijiko viwili mezani anahesabu mpaka tano, akishuka wa chekechea nikaanza upya yeye anasema "tano" kwa msisitizo ananikatalia yule wa sita. Hapo ndo huwa nacheka, nikiri tu, siku nzima ndo kicheko changu hicho.

Sasa saa 7 na robo. Wenye watoto mnajua saa 7 na robo ni saa gani kwa mtoto mchanga. Huyu wa miezi 7 usingizi wake mkubwa unaanza kwenye saa 6 na robo, akiachwa analala hadi saa 8. Mimi saa 6 na dakika 53 niwe nimeshamwamsha. Ambao hamjawahi kumwamsha mtoto wa namna hiyo ngoja niwaambie, unaingiza mkono chini ya shingo unakuta nywele za kisogoni zimelowa jasho, amelegea mzito kuliko akiwa macho, mdomo bado unanyonya kitu ambacho hakipo, na wewe unamnyanyua unamfunga mgongoni unampeleka juani kwa ajili ya basi la mtoto ambaye wala sio ndugu yake. Kisha basi lichelewe dakika 25.

Na linachelewa. Sio kila siku, lingechelewa kila siku ningejipanga. Leo linachelewa, kesho linawahi, keshokutwa linapita kwa wakati ili nione ni mimi nina matatizo. Dakika 25 nimesimama kando ya barabara na watoto watano, huku dereva anakuja na basi kubwa ambalo akiwa juu pale mtoto mfupi hamwoni kabisa akiwa ndani ya kama mita tatu kulizunguka. Hizo mita tatu ndo sehemu ya hatari kuliko zote kwenye safari nzima ya shule, pale mtoto anaposhuka na kupita mbele ya basi, hata wakiwa na mikanda na matroni na vibao huko ndani. Mimi napaki kigari mbali na hapo, nimewashika wawili, nasogea kumpokea wa sita ambaye kila siku anashuka akikimbia kana kwamba kafunguliwa. Mikono ni miwili wadau. Nimejaribu kuwaelezea wazazi hilo la mikono, wanatikisa kichwa wananiambia "pole Anti" halafu kesho yake ni yale yale.

Jumanne ndo ikapasuka.

Basi la saa 7 na robo limekuja saa 6 na dakika 40, siku hiyo kumbe wanatoka mapema. Mdogo amelala hajamaliza nusu saa, wa miezi 11 nimempakata ananyonya chupa amefika katikati, nasikia honi. Naijua honi ya lile basi, mbili fupi moja ndefu, nikasema hapana nimesikia vibaya. Ikapigwa tena. Nikamweka chini na chupa yake akaanza kulia, nikamvuta mdogo kitandani, nikawakokota hivyo hivyo, mmoja kiatu kimoja, mwingine peku, kigari sijafunga mkanda nakishikilia kwa tumbo. Nakata kona naona matako ya basi yanaondoka. Na kwenye kioo cha nyuma yuko huyo wa chekechea amepiga magoti kwenye siti ananipungia mkono anacheka, anadhani namkimbiza kwa mchezo.

Shule yao utaratibu ni kwamba mtoto mdogo hashushwi kama hakuna mtu mzima wa kumpokea, anarudishwa shuleni. Na mimi utaratibu huo naukubali mia kwa mia, nisieleweke vibaya, tena siku wakiuacha ntakuwa wa kwanza kupiga kelele. Tatizo ni kwamba unambana mtu mmoja tu. Mimi lazima niwepo kwa dakika, wao wakija nusu saa kabla ni sawa, wakija nusu saa baada ni sawa, nisipokuwepo ndo mtoto "hakupokelewa". Limeandikwa hivyo kabisa, hakupokelewa.

Nikapigiwa na mama yake. "Anti ulikuwa wapi?" Nilikuwa wapi! Mama, nilikuwa na mtoto wa mwenzio mgongoni! Nikamuuliza kwani leo wanatoka mapema? Kimya kidogo. "Walituma kwenye grupu asubuhi." Grupu lipi? "La basi."

Sasa hapa naomba msome polepole. Kuna grupu la basi. Dereva yumo, matroni yumo, wazazi wote wamo, mpaka baba mmoja ambaye kikazi anaishi nje ya nchi yumo. Mimi ninayesimama pale mara 15 kwa wiki simo. Niliomba kuingizwa nikaambiwa ni la wazazi tu. Nikasema basi mzazi aandike barua kwamba ndo nampokea mtoto wake, wakasema sawa alete. Mzazi anasema ataandika. Ni wiki ya tatu sasa anaandika. Ujumbe wa Jumanne ulitumwa saa 2 asubuhi, mama alikuwa kwenye kikao simu iko kwenye mkoba, akautuma kwangu saa 7 na dakika 5, mtoto keshaonekana, keshapunga, keshaondoka. Halafu mimi ndo nilikuwa wapi.

Niliporudi ndani ile chupa ya wa miezi 11 iko mezani nusu. Maziwa ya kopo mtoto akishaanza kunyonya hayatakiwi kupita saa moja, mate yameshaingia humo, yanamwagwa. Kutuliza vilio, kuvua, kufuta, kuhesabu, saa imepita. Nikamwaga. Najua ni kitu kidogo lakini nilisimama pale kwenye sinki nikalia kwa ajili ya nusu chupa.

Na jioni mama wa wa miezi 7, ambaye hana mtoto yeyote kwenye basi, ananiuliza kwa upole tu mbona siku hizi usiku mwanae anashtuka shtuka na halali vizuri. Nikamwambia ukweli. Mtoto akikatwa usingizi wa mchana haina maana usiku atalala zaidi kufidia, anachoka kupita kiasi na mtoto aliyechoka hivyo ndo halali kabisa. Yani mtoto wa huyu mama anakesha kwa sababu ya basi la mtoto wa yule mama. Na huyu ndo alinyamaza akaniangalia kama kweli ananiona, akaniuliza kwa nini nilikubali. Sikuwa na jibu zuri. Nilikubali wa kwanza kwa sababu alikuwa mmoja.

Najua mnakuja na ushauri, ngoja niupokee kabla haujafika.

"Waache ndani dakika tano." Hapana. Dakika tano za nani, za basi lipi? Mtoto wa miezi 11 anayejifunza kusimama haachwi na wa mitatu kama mlezi wake. Siachi, na atakayeniandikia kwamba yeye huwa anaacha na hakijatokea kitu simjibu.

"Waweke kwenye gari." Viti vya watoto vya gari kwenye siti ya nyuma ukibahatika vinaenea vitatu, mimi nina watano na baada ya kupokea wanakuwa sita. Kufunga mkanda mmoja mmoja ni muda ule ule wa viatu. Wachanga lazima wakae wakitazama nyuma. Na usiniambie niwaache humo dakika chache nikampokee mwingine, gari lililofungwa juani kwa dakika 10 joto la ndani linapanda kama digrii 10 za selsiasi, na kufungua dirisha kidogo hakusaidii kitu. Kwa hiyo ningewashusha. Kwa hiyo nimerudi pale pale.

"Ajiri msaidizi." Nani anamlipa? Kupokea kwenye basi hakuna anayelipia, nimewaambia waliomba kwa "kwa vile upo nyumbani".

"Mwambie jirani." Jirani mmoja alinisaidia wiki mbili, mama mtu mzima Mungu ambariki, akaumwa mgongo. Na shule ikauliza huyu ni nani maana jina lake halipo kwenye karatasi.

Basi hivi ndivyo nilivyoamua na nimeshawaandikia wazazi wote leo asubuhi kabla sijapoa. Kuanzia Jumatatu basi la saa 7 na robo sipokei. Kabisa. La asubuhi na la saa 10 naendelea, saa hizo wadogo wako macho, ila kwa masharti: jina langu liwe kwenye karatasi ya shule, niwe kwenye grupu, na kupokea kuwe kwenye makubaliano na malipo yake kama kazi nyingine yoyote. Wa chekechea mzazi atajua mwenyewe, au azungumze na shule basi limshushe getini kwangu, maana linapita hapo hapo mbele ya nyumba yangu kila siku likielekea huko linakosimama. Ndiyo mmesoma vizuri. Linapita getini. Niliwahi kumuuliza dereva akasema ruti yake haina kituo hapo.

Wazazi wawili wamejibu "sawa Anti". Mama wa chekechea kasoma hajajibu, alama naziona.

Wenye deikea za nyumbani humu, mlio na wa basi pia, mnafanyaje na basi linaloangukia kwenye usingizi? Mnaamsha? Kuna aliyefanikiwa kulisimamisha mlangoni? Naomba majibu ya watu waliosimama pale wenyewe.

Wa mwaka na nusu kaamka. Narudi.

EDIT: Nimeingizwa kwenye grupu jioni hii, mama wa chekechea karekebisha mambo bila kusema neno. Nimekuta meseji 67 ambazo sijazisoma. Habari za asubuhi zenye maua, amina 14, picha ya chupa ya maji ya mtoto fulani imesahaulika kwenye basi, mzee mmoja anauza gari, amina nyingine. Na katikati ya ua jekundu na ua jeupe: "Wazazi kesho basi la mchana litawahi kidogo." Kidogo kiasi gani hakuna aliyeuliza. Nimeuliza mimi. Matroni kanijibu kwa ua.