Wilaya ya shule inatafuta msimamizi mkuu mpya: wazazi tunaingilia wapi?

MamaFuraha

Wakuu, naomba msaada wa wanaoyajua haya. Wilaya ya shule za umma ya mji wetu hapa Marekani, wanafunzi kama 30,000, bodi ya watu 7 wa kuchaguliwa, imetangaza kwamba msimamizi mkuu, yule superintendenti, anaondoka mwisho wa Juni. Bodi inasema itaajiri kampuni ya kutafuta viongozi, itasikiliza jamii, kisha mtu mpya aanze Julai 1.

Wengi wetu tumezoea afisa elimu kupangwa na serikali. Unalisikia jina akishafika ofisini. Huku tunaambiwa wananchi wana nafasi. Watoto wetu wengi wametoka kambi za wakimbizi na bado wanajifunza Kiingereza, kwa hiyo jambo hili linatugusa moja kwa moja.

Ninachotaka kujua: ni hatua gani mzazi akisema anasikika kweli, na ipi ni ya kupiga picha tu? Bodi zikikosea, hukosea wapi? Na mgombea tumuulize nini zaidi ya "una mpango gani na watoto wetu"?

---

Mwalimu_wa_Zamani

Hatua yenye nguvu kuliko zote ni ile ambayo ukumbi huwa mtupu: kuandika sifa za kiongozi anayetakiwa. Tatu bora wakishatajwa watu hufurika, mabango, vyombo vya habari, lakini wakati huo mchujo umeshafanyika.

Ratiba ya kawaida kwa anayeanza Julai 1 huenda hivi. Septemba na Oktoba bodi inatangaza zabuni na kuchagua kampuni. Novemba na Desemba ni mikutano ya jamii na dodoso, kisha bodi inapitisha sifa. Matangazo yanafungwa Januari. Februari usaili wa kwanza kwa faragha, Machi wa mwisho, Aprili mkataba unasainiwa. Bodi ikichelewa ikaanza Februari, walio wazuri wengi wameshasaini tena walipo, na bajeti ya mwaka mpya itaandikwa na mtu anayefunga mizigo. Ikiwa ndivyo kwenu, shinikizeni bodi iweke kaimu kwa mwaka mmoja na itafute kwa utulivu. Na ni vizuri iamue mapema kama kaimu ataruhusiwa kuomba. Akiruhusiwa, waombaji wa nje hudhani nafasi ina mwenyewe na hawaombi.

Sasa sifa. Bodi nyingi hutoa ukurasa wa maneno matamu: mwenye maono, mshirikishi, anayejali usawa. Hakuna mwombaji atakayekwama hapo. Maswali ya usaili na karatasi ya alama hutoka kwenye ukurasa huo huo, kwa hiyo watoto wanaojifunza Kiingereza wasipotajwa pale, hakuna atakayeulizwa habari zao. Ombeni sentensi inayopimika, kwa mfano: "Awe ameongoza wilaya au idara yenye wanafunzi wengi wanaojifunza Kiingereza, na aonyeshe matokeo yao ya miaka mitatu." Sheria ya taifa inataka watoto hao wapimwe Kiingereza kila mwaka, kwa hiyo takwimu zipo. Anayesema hana, ama hajawahi kuziangalia ama hazipendezi.

Peleka sentensi yenu kwa maandishi kwa wajumbe wote 7, siyo kwa kampuni peke yake. Kampuni hujumlisha maoni 2,000 kuwa mada tano, na sauti ya jamii ndogo humezwa kwenye "mengineyo".

Kuhusu mikutano: wilaya inawajibika kuwasiliana na mzazi asiyejua Kiingereza kwa lugha anayoielewa, hilo linatokana na sheria ya haki za kiraia. Ombeni mkalimani kwa maandishi wiki mbili kabla. Dodoso la Kiswahili kwenye intaneti lisiwatoshe. Wazee wengi husema tu bila kusoma, na wapo wa Kirundi, Kibembe na Kinyamulenge ambao Kiswahili chao ni cha sokoni. Kikao kimoja kanisani au msikitini, mkalimani na mjumbe mmoja wa bodi, huvuna kuliko dodoso kumi.

---

Hesabu_za_Kura

Naongezea jambo ambalo watu hulisahau: hesabu za bodi yenyewe. Kabla hamjajishughulisha na wagombea, angalieni viti vingapi vinagombewa uchaguzi ujao. Msimamizi aliyeajiriwa kwa kura 4 dhidi ya 3 anahitaji mjumbe mmoja tu abadilike ili aanze kufungasha.

Chicago ni somo zima. Kuanzia 1995 meya ndiye aliyeteua bodi na mkuu wa shule. Wakaja watu wa bajeti, watu wa usafiri wa umma, walimu, mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, Barbara Byrd-Bennett, alikiri kosa mahakamani 2015 kwa kupeleka mkataba wa dola milioni 20.5, usio na ushindani wa zabuni, kwa kampuni aliyowahi kuifanyia kazi. Oktoba 2024 wajumbe wote 7 wa bodi walijiuzulu katikati ya mvutano kati ya meya na Pedro Martinez, mkuu wa shule wa wakati huo. Meya akateua wengine, nao wakamwachisha Martinez kazi tarehe 20 Desemba 2024 kwa kura 6 kwa 0, wiki chache kabla ya bodi mpya ya watu 21, yenye wajumbe wa kuchaguliwa, kukalia viti. Kwa kuwa waliamua "bila sababu", mkataba ulimbakiza ofisini miezi sita zaidi. Siku nne baadaye mahakama ikawazuia wajumbe kumwingilia kwenye mazungumzo na chama cha walimu. Mkuu aliyefukuzwa akaendelea kuongoza hadi Juni 2025! Niambieni ni mtu gani makini angeomba kazi hiyo bila kuuliza kwanza wajumbe wanaelewana vipi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kwa bodi, tena hadharani: mtaajiri kwa kura ngapi? Kwa bodi ya 7, takeni ahadi ya angalau 5.

---

Mkaguzi_Diaspora

Umeuliza bodi hukosea wapi. Uhakiki, bila shaka.

Des Moines, Iowa, mji wenye Wakongo na Warundi wengi na ukubwa kama wa kwenu, walimwajiri Ian Roberts 2023. Septemba 26, 2025 idara ya uhamiaji ikamkamata, na mambo yakaanza kufumuka. Mojawapo: shahada ya uzamivu aliyodai kuisomea Morgan State, chuo kikasema hakuipata. Wilaya ikaishtaki kampuni iliyomtafuta. Kinachoumiza ni kwamba suala la shahada lilishaonekana wakati wa mchakato, wasifu ukarekebishwa, safari ikaendelea. Wasifu ukibadilika katikati ya usaili, bodi nzima isimame iulize kwa nini, na jibu liandikwe.

Minneapolis nako, Desemba 2015, bodi ilimchagua Sergio Paez. Muda mfupi baadaye ikatoka ripoti ya madai kwamba watoto wenye ulemavu walitendewa vibaya katika shule moja ya Holyoke, Massachusetts, alikokuwa akiongoza. Mazungumzo ya mkataba yakakatwa. Bodi ikamgeukia kaimu, waandamanaji wakavuruga kikao Januari 2016, utafutaji ukaanza upya. Aliyepatikana, Ed Graff, alichaguliwa Mei. Miezi mitano ikayeyuka.

Uhakiki unaostahili jina hilo ni huu: chuo kiulizwe moja kwa moja kuhusu kila shahada, nakala ya mgombea isipokewe, leseni ihakikiwe katika kila jimbo alilofanya kazi, kesi za mahakamani zitafutwe, za taifa na za kaunti, zisomwe ripoti za wakaguzi wa hesabu za wilaya yake kwa miaka mitatu na kumbukumbu za vikao vya bodi yake. Wadhamini aliowataja watamsifu, ndiyo kazi yao. Wajumbe wawili wasafiri hadi kwake wakazungumze na katibu wa chama cha walimu, mkuu wa shule ambaye hawakuelewana, na wazazi wa watoto wenye ulemavu.

Kampuni nayo iulizwe: kati ya hawa unaotuletea, wangapi uliwahi kuwapeleka kwingine? Nyingi hutoa dhamana ya kurudia kazi bila malipo kiongozi akiondoka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hiyo iwe kwenye mkataba wake. Vyama vya bodi za shule vya majimbo hufanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu, ila mtandao wao wa waombaji mara nyingi ni wa jimbo lao.

---

MamaFuraha

Asanteni sana, nimeshaanza kuandika barua kwa wajumbe. Swali moja: bodi yetu inasema majina yatabaki siri hadi mshindi apatikane, eti ili kuwalinda waombaji. Hilo ni halali?

---

Hesabu_za_Kura

Inategemea jimbo. Minnesota na Massachusetts, waliofika hatua ya mwisho lazima wajulikane. Boston 2022 wagombea wawili wa mwisho walihojiwa hadharani kabla Mary Skipper hajachaguliwa. Texas jina la mgombea litangazwe siku 21 kabla ya kura ya kuajiri, na bodi nyingi huko hutangaza mmoja tu, siku 21 zikageuka za kumkaribisha badala ya kumpima. Angalieni sheria ya mikutano ya wazi ya jimbo lenu. Usaili wa faragha huruhusiwa karibu kila mahali, lakini kura ya mwisho hupigwa kikao kikiwa wazi.

Mimi nasimama na uwazi. Mambo kama ya Holyoke huibuliwa na waandishi na wazazi wa upande wa pili wakishapata jina.

---

Mkaguzi_Diaspora

Hapo natofautiana nawe kidogo. Aliyeko kazini akitajwa kwenye tatu bora akakosa, bodi yake humwangalia kama msaliti, na wazuri hulijua hilo, hawaombi. Na siri haizuii vituko wala uwazi hauvizuii: Machi 1, 2018 Alberto Carvalho, mkuu wa shule za Miami wakati huo na aliyekwisha kutangazwa na meya wa New York kuwa mkuu mpya wa shule zake, aliikataa kazi katika kikao cha bodi ya Miami kilichorushwa moja kwa moja kwenye televisheni. New York ikamtangaza Richard Carranza wa Houston siku chache baadaye.

Njia ya kati: kamati ya watu 12 hadi 15, wazazi, walimu, wanafunzi, wakuu wa shule, isaini usiri na ione wagombea watano. Kisha wawili wa mwisho wawekwe wazi kwa siku kumi. Pambaneni jamii yenu ipate kiti kwenye kamati hiyo. Na bodi imwambie wa pili kwamba amekosa pale tu wa kwanza akishasaini, siyo akishasema ndiyo.

---

Hesabu_za_Kura

Siku kumi nakubali, mradi wawe wawili kweli.

---

Mwalimu_wa_Zamani

Mkataba haujatajwa, na ndipo pesa zinapopotelea. Minnesota hairuhusu zaidi ya miaka 3, California mwisho 4. Muda mrefu unavutia mgombea, lakini someni kifungu cha kuvunja mkataba "bila sababu": analipwa miezi mingapi? California imeweka kikomo cha mishahara ya miezi 12. Pale ambapo hakuna kikomo, bodi iweke chake yenyewe, 6 hadi 12, na kiwe kinapungua kadiri mkataba unavyokwisha. Tathmini iwe ya kila mwaka, kwa vigezo vilivyoandikwa kabla ya Oktoba ya mwaka wa kwanza. Bila vigezo, bodi mpya ikiingia huwa haina njia ya kumwondoa kwa sababu, inabaki kumlipa aende. Na isionekane kurefushwa kwa mkataba kunakojiendesha kwenyewe kila mwaka. Kifungu hicho hufichwa kwenye aya ndefu.

Maswali ya wagombea, Mama Furaha, muulizeni kila mmoja yale yale kwa maneno yale yale. Mtoto wa miaka 15 aliyekosa shule miaka minne anaanza darasa gani kwako, na nani anamfundisha kusoma? Walimu wenye cheti cha kufundisha wanaojifunza Kiingereza ni wangapi unakoongoza sasa, kwa wanafunzi wangapi? Fedha za dharura za korona, ambazo ilibidi zipangiwe matumizi kufikia Septemba 30, 2024, uliajiri nani kwa hizo na nani alibaki zilipokwisha? La mwisho hili lina majibu yanayoweza kuhakikiwa kwenye bajeti ya wilaya yake. Milwaukee, msimamizi mkuu Keith Posley aliondoka Juni 2024 baada ya wilaya kuchelewa kupeleka ripoti za fedha kwa jimbo. Jambo la aina hiyo hulioni kwenye usaili. Unalipata ukiuliza ripoti ya mwaka jana ilipelekwa tarehe ngapi.

Mwombeni mwenyekiti wa bodi karatasi ya alama kabla ya usaili. Akikataa kuwapa alama za watu, sawa. Vigezo vyenyewe havina siri.