Naomba ushauri: kamera ndogo ya dijitali inanisumbua nikipiga picha ndani

Wakuu, habari za muda huu. Nina kamera ndogo ya dijitali, ile ya mfukoni isiyobadilishwa lenzi. Nje kwenye jua sina malalamiko. Shida ni ndani, hasa usiku: mtu akigeuza kichwa tu, sura inavutika kama moshi. Nikiangalia taarifa za picha naona shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) ilikaa wazi sekunde 1/8, muda mrefu kwa mtu anayesogea, kwa hiyo sishangai. Nikipandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) hadi 1600 picha inatulia kidogo, lakini chenga (vidoadoa) zinajaa na ngozi inapoteza uhalisia. Stendi inafaa kwa vitu vilivyotulia. Kwa watoto wanaocheza haisaidii, maana wanaosogea ni wao, si kamera.

Flashi nayo ina vituko vyake. Walio mbele wanakuwa weupe pee, wa nyuma wanazama gizani, na wakati mwingine vinatokea viduara vyeupe hewani. (Jamaa mmoja aliapa ni mizimu! Mimi nadhani ni vumbi linalomulikwa, kwa kuwa flashi iko karibu mno na lenzi.)

Wenye uzoefu, ISO ipi mnaiona ndiyo kikomo kwa kamera za aina hii? Kuweka karatasi nyeupe nyembamba mbele ya flashi kunalainisha mwanga kweli, au kunaipunguzia nguvu tu? Na ule unjano wa taa za balbu, niurekebishe kwenye kamera kabla ya kupiga, au baadaye kwenye kompyuta, ikizingatiwa kamera yangu inatoa JPEG pekee, yaani picha iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa na kamera yenyewe?