Tupeane uzoefu: rangi ya behewa lako la kwanza uliitoa stesheni gani?

Behewa la Mwisho

Wakuu habari zenu, na wazee wa reli shikamooni. Leo injini tuziache zipumzike. Tuongelee mabehewa, tena rangi tu. Nimegundua kila anayepaka mabehewa madogo ya mfano ana stesheni moja kichwani iliyomkaa tangu utotoni. Itaje. Sema rangi yake uliitafutaje, na ulipoboronga sema pia, maana hapo ndipo wengine tunaokota.

Naanza mwenyewe. Yangu ni Tabora. Nimekulia kota za reli, na mtoto wa Tabora hana treni moja. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika pale 1912 ikaenda kuishia Kigoma 1914, na ile ya Mwanza ikakamilika 1928, zote zinaachania hapo. Kwa hiyo mabehewa yalikuwa yanalala kwetu. Linakatwa hili, linaungwa lile, usiku mzima ngo! ngo! na sisi tumelala fofofo. Rangi iliyonikaa ni damu ya mzee.

Behewa langu la kwanza nililipaka rangi iliyobaki kwenye geti la shangazi. Mzee wangu, gadi mstaafu wa treni, akaligeuzageuza akasema, "Geti zuri." Akanirudishia.

Miaka ikapita. Siku moja niliomba ruhusa yadini nikaonyeshwa behewa bovu lililosimama kwenye majani. Ubavuni hakuna cha kuona, jua limekula kila kitu. Nikafungua mlango nikaenda kwenye fremu, ile sehemu inayofichwa mlango ukifungwa. Msasa namba 400 nimeulowesha, nikasugua kiduara cha upana wa sarafu, halafu 800, halafu 1200, nikipanua kingo polepole. Tabaka zikajitokeza moja nje ya nyingine kama kitunguu kilichokatwa, chuma kikiwa katikati. Damu ya mzee ilikuwa ya tatu kutoka chumani. Lakini ilionekana imekufa, kama tofali. Nikadondosha tone la maji juu yake, na hapo ndipo nikaiona: nzito, inaelekea weusi, ina wekundu kwa mbali. Maji yaliirudishia mng'ao wa vanishi kwa muda wa kama nusu dakika. Nikawa nachanganya rangi zangu kwenye vijiti vya aiskrimu, nalinganisha, nadondosha tone jingine, nalinganisha tena.

Hivyo vijiti ninavyo mpaka leo.

Mtoto wa Kota

Hiyo ya tone la maji nimeichukua, sirudishi.

Msasa 800

Mkuu, kabla watu hawajakimbilia yadini: rangi za zamani zina madini ya risasi. Sugua na maji kama alivyofanya mwenzetu, usisugue kavu, vaa barakoa, nawa mikono kabla hujashika chakula. Na mtoto asiwe karibu.

Sasa nipingane nawe kidogo. Rangi uliyoitoa kwenye fremu ni sahihi kwa behewa la kweli, lakini ukiipaka hivyo hivyo kwenye behewa la urefu wa mkono itaonekana nyeusi. Behewa la kweli unalitazama kutoka ng'ambo ya njia, kuna hewa na mwanga katikati. La mezani unalitazama puani. Mimi huongeza krimu kidogo kwenye damu ya mzee, tone moja kwa matone kumi hivi, na ukinisogezea nyeupe tupu nakataa, inageuka waridi. Nyeusi halisi ndiyo siitumii kabisa. Chini ya behewa napaka kijivu cha mkaa.

Na picha za zamani zisikudanganye. Picha za rangi zilizokaa kabatini miaka mingi huelekea wekundu zenyewe, kwa hiyo kila behewa linakuwa jekundu, hata nyasi. Zile za mwanzo kabisa za nyeusi na nyeupe hazikuuona wekundu, unatoka kama weusi. Mtu anaapa babu yake alisafiri kwenye behewa jeusi. Halikuwa jeusi.

Kuboronga kwangu sasa. Nilinunua behewa la plastiki, nikakosa thina ya rangi za vinyago, nikaazima ya fundi wa magari. Pulizo la kwanza, safi. Nikaenda kupokea simu. Niliporudi, madirisha ya upande mmoja yalikuwa yamelegea kama mshumaa juani na ribiti zote zimelala. Ile thina kali haipaki plastiki, inaila. Tangu hapo najaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ya ndani ambacho hakionekani, nalala, asubuhi naangalia.

Bi Stesheni

Mimi ni wa Moshi, na mabehewa yangu si ya plastiki, ni ya maboksi. Mnicheke tu.

Mama aliuza ndizi mbivu pale stesheni wakati treni ya abiria ipo. Halafu ikaacha kuja. Miaka zaidi ya 20 stesheni imesimama, saa imesimama, sisi tunacheza kwenye reli zenye kutu. Desemba 2019 abiria waliporudi kutoka Dar es Salaam nilimpeleka Mama. Wengine wanapiga picha kichwa cha treni, yeye macho yako kwenye madirisha. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anapima kimo, kwamba zamani mkono wake ulifika dirishani bila kunyanyua kisigino, sasa haufiki. Sikujua kama behewa limepanda au Mama ameshuka.

Basi madirisha yangu nayaanzia hapo. Kabla sijakata boksi nasimamisha kijimtu cha karatasi chenye kapu kichwani na mkono juu. Mkono usipofika, dirisha liko juu mno.

Kwenye rangi niliharibu hivi: rangi ya maji moja kwa moja kwenye boksi. Likavimba, kona zikafunguka, paa likajikunja kama chapati. Siku hizi nalipiga vanishi nyembamba ndani na nje kabla ya chochote. Ndani na nje, kwa sababu ukipaka upande mmoja tu linapinda kuelekea huko. Likikauka napitisha msasa laini kuondoa manyoya, napaka tena, ndipo rangi. Mabati ya paa ni karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara niliyoikwaruza kwa kitana.

Taruma

Dada, hilo la kapu kichwani limenigusa. Shikamoo kwa Mama.

Mimi rangi nimezikuta, ugonjwa wangu ni njia. Lakini ngoja niwape kitu kinachohusu behewa pia, maana watu wananunua behewa zuri, wanalipaka vizuri, halafu linakaa kwenye reli pana kama limevaa suruali ya kaka yake. Reli yetu ya zamani, Kenya, Uganda na ya Kati, ina upana wa milimita 1,000. Kwa skeli ya 1:87, yaani kitu cha kweli kimepunguzwa mara 87, hiyo ni kama milimita 11.5, kwa hiyo tumia njia ya milimita 12. Ile ya kawaida ya madukani ni 16.5, na hiyo inafaa reli mpya ya SGR yenye 1,435.

Sasa sikilizeni utamu. TAZARA, ile reli ya kwenda Zambia, ni milimita 1,067. Igawe kwa 87, unapata 12 na ushee. Yaani zote mbili zinakaa kwenye njia ile ile ya milimita 12! Pale Kidatu, ambako hizi reli mbili zinakutana, mzigo lazima uhamishwe kutoka behewa hadi behewa kwa tofauti ya milimita 67. Mezani kwangu behewa linatoka Kapiri Mposhi kule Zambia mpaka Kigoma bila kusimama. Mke wangu ananiuliza nacheka nini peke yangu.

Na ukiwa stesheni ya zamani, kwa ruhusa na njia ikiwa haina treni, usiangalie jengo tu. Inama utazame ubavu wa reli yenyewe. Kiwandani hupigwa chapa ya mtengenezaji na mwaka, zimejitokeza kwenye chuma. Jengo linapakwa upya, reli haipakwi. Kumbuka tu kwamba reli huhamishwa, hasa kwenye njia za pembeni, kwa hiyo mwaka wa reli si lazima uwe wa stesheni.

Mataruma nayo, yale yanayolala chini ya reli: Wajerumani walitandika ya chuma kwa sababu mchwa hawana mchezo. Ukiona mtu kajenga Reli ya Kati ya 1914 yenye mataruma ya mbao tupu, mwambie kwa upole.

Mtoto wa Kota

Upole umeuweka wapi mzee, juzi ulinitukana kwa hayo hayo mataruma.

Taruma

Ulistahili.

Abiria wa Kima

Hamjambo. Mimi niko upande wa Kenya na stesheni yangu ni ndogo, Kima. Wengi hupita bila kugeuza shingo. Mwaka wa 1900 afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alilala pale ndani ya behewa akimvizia simba aliyekuwa akisumbua watu. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango, akatoka naye kwa dirisha. Behewa lenyewe liko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, unaweza kusimama mbele yake.

Nimesimama mara nyingi. Watu husoma kibao, wanashtuka, wanaenda zao. Mimi hutoa kamba ya kupimia. Nilitaka kujua dirisha lilikuwa na upana gani, na nikishaanza kupima dirisha nikapima mlango, nafasi kati ya dirisha na dirisha, kimo cha ubao wa chini. Mahali nisipofika naegemeza fimbo yangu ya mita moja niliyoichora mistari myekundu na myeupe, napiga picha nikiwa nimelikabili behewa sawasawa, si kwa pembe. Nyumbani unahesabu kutokana na ile fimbo. Ukipiga kwa pembe, upande wa mbali unapungua na behewa lako litatoka kama tai ya shingoni.

Hapo hapo yuko Mount Gelai, 5918, ile injini ya mvuke aina ya Garratt, ya darasa la 59. Zilikuwa 34, zilikuja katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikiwa na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai uko Tanzania, injini iko Nairobi, na hakuna aliyewahi kudaiana. Wanaotengeneza mfano wake: tafadhali acheni kuweka makaa ya mawe nyuma. Zilichoma mafuta mazito. Kwa hiyo hata masizi ya kwenye paa la mabehewa yaliyovutwa nazo usiyafanye kama vumbi la unga wa mkaa. Mimi hutumia rangi nyeusi ya mafuta iliyotiwa thina hadi iwe kama chai, naipitisha katikati ya paa, naifuta kuelekea pembeni kwa kitambaa kabla haijakauka.

Bi Stesheni

Kaka wa Kima, mstari kati ya rangi mbili unaupataje unyooke? Wangu unavuja chini ya utepe kila siku.

Abiria wa Kima

Rangi ya mwanga kwanza, iliyokolea baadaye. Acha ile ya kwanza ikauke hata siku mbili. Bandika utepe, kisha kandamiza ukingo kwa ukucha uliofungwa kitambaa. Halafu, hii ndiyo siri, pitisha tena rangi ile ile ya kwanza juu ya ukingo wa utepe. Ikivuja, inavuja rangi moja juu ya rangi moja, huoni kitu, na mwanya umezibika. Ndipo upulize ya pili. Utepe uutoe rangi ingali na unyevu kidogo, ukiukunja juu ya mgongo wake, usiuvute kwenda juu.

Msasa 800

Na uoshe behewa kwa sabuni ya vyombo kabla ya yote. Utepe ukibandua rangi, mara nyingi kosa si la utepe, ni mafuta ya vidole. Halafu vanishi usipulize siku ya mvua, inaganda na ukungu mweupe ndani yake. Nina treni nzima ya aina hiyo. Nawaambia wageni ni asubuhi ya Timboroa, futi 9,000 na zaidi, lazima kuwe na ukungu. Wanakubali.

Mtoto wa Kota

Mimi nimeanza juzi tu, sina stesheni. Nimepanda treni ya umeme kwenda Dodoma, ndiyo pekee. Naruhusiwa?

Behewa la Mwisho

Unaruhusiwa mdogo wangu, tena wewe una bahati, behewa lako bado lina rangi yake. Kapige picha sasa hivi na fimbo ya mita pembeni kabla jua halijaanza kazi.

Mimi nimerudi kumalizia. Jana nilimpelekea Mzee behewa la daraja la tatu, la damu ya mzee ile ya kwenye vijiti, na krimu tone moja kama alivyosema Msasa, maana nimemjaribu na yuko sahihi. Macho yake siku hizi yana mtoto wa jicho, akalisogeza dirishani. Akalitazama ubavuni kwa muda. Hakusema geti.

Akaligeuza matairi juu, akapitisha kidole chini, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko. Akasema, "Silinda ya breki iko wapi? Hili nikiwa gadi silitoi stesheni."

Mwenye bomba la kalamu lenye unene wa milimita nne au tano anijulishe.