Mjadala: Kujitolea wiki mbili kwa waliokatwa miguu na mabomu, ni msaada au usumbufu?

MLETA MADA:
Wakuu, salaam. Kila mwaka kuna vijana wanaochangisha nauli wakaenda nchi ya mbali, wiki mbili tatu, kusaidia wakimbizi na manusura wa mabomu ya kutegwa ardhini. Nia yao siitilii shaka hata kidogo. Ila msimamo wangu ni huu, na atakayepinga apinge kwa hoja: asiye na ufundi na asiyeweza kukaa, asiende.

Chukueni mguu bandia tu. Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kinafungwa plasta ili kupata umbo lake, ndipo inatengenezwa soketi, ile sehemu ya mguu bandia ambamo kigutu kinaingia. Mgonjwa anajaribu kutembea huku ameshikilia vyuma viwili, fundi amepiga magoti akitazama ngozi imekuwa nyekundu wapi. Anapunguza kidogo, wanarudia. Miezi ya mwanzo kigutu hunywea, soketi inalegea na kuchubua. Kwa mtoto ndiyo kazi zaidi: anakua, kwa hiyo anahitaji mguu mpya karibu kila miezi sita, na mfupa uliokatwa nao huweza kurefuka hadi utishie kutoboa ngozi, arudi kupasuliwa. Wakati huo aliyempokea keshapanda ndege zamani. Anakuja mwingine: "Hebu nisimulie, bomu lilikulipukia vipi?" Mtu anairudia siku ile mbele ya mgeni wa saba, kwa mkalimani.

Linganisheni na Kabul, Afghanistan, kwenye kituo cha viungo bandia cha Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Alberto Cairo, Muitaliano mtaalamu wa fiziotherapia, alifika mwaka 1990 akakaa miongo. Karibu wafanyakazi wote wa pale ni watu wenye ulemavu, wengi waliwahi kutibiwa hapohapo. Anayekufundisha hatua ya kwanza naye ana mguu bandia. Mgeni wa wiki mbili atampa nini mtu huyo?

MCHANGIAJI:
Napinga. Januari 1997 Diana, yule binti mfalme wa Uingereza, alikwenda Angola siku chache tu, akapita kwenye eneo la mabomu Huambo. Hakuwa daktari wala fundi. Desemba mwaka huohuo nchi zaidi ya 120 zikatia saini Mkataba wa Ottawa, unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini. Macho ya mgeni yana kazi yake. Na kwa mtoto aliyezaliwa kambini, mtu aliyetoka mbali kuja kucheza naye mpira si jambo dogo.

MLETA MADA:
Mkuu, kwa Diana umenibana, nakubali. Lakini yeye hakugusa kigutu cha mtu. Alikwenda kuona, akarudi kusema, na nyuma yake kulikuwa na kampeni ya kimataifa ya kupiga marufuku mabomu hayo iliyoanza mwaka 1992, ile iliyopewa Nobeli ya Amani mwaka 1997 pamoja na mratibu wake, Jody Williams. Basi anayekwenda kushuhudia aseme hivyo tangu mwanzo, na akirudi ambane mbunge wake: Ibara ya 6 ya mkataba inazitaka nchi zenye uwezo kusaidia matibabu ya manusura na kurejea kwao kwenye maisha ya kijamii na kiuchumi. Marekani, Urusi na China hata kujiunga hazijajiunga.

La mpira silikubali. Wiki ya tatu mtoto yule anasimama uwanjani na mpira mkononi, anauliza mwalimu wangu yuko wapi. Nani anabaki kumjibu?