Huyu jamaa wa "jiwe ni jiwe" leo kanimaliza, wakuu!

Wakuu, nimetoka Isimila sasa hivi, lile korongo la zana za kale huku Iringa, mikono bado inatetemeka. Simtaji jina, wote mnamjua: yule mjuaji wa kilimo, ndoa na bandari. Leo kajipachika kwenye ziara ya wanafunzi wangu na Noah yake isiyo na hendibreki. Kaokota shoka la mkono korongoni, yaani jiwe lililochongwa na watu wa kale, la miaka 260,000 hivi, kapanda nalo mpaka kwenye gari, KALISINDILIA CHINI YA TAIRI!

Namwambia hiyo ni zana ya kale. Kanijibu mbele ya darasa zima: "Mwalimu, jiwe ni jiwe." Watoto wakacheka mpaka nikadhani zile nguzo za udongo zitaanguka.

Nikachuchumaa palepale kwenye tairi nimwelekeze. Tazama makovu: limemegwa upande huu, likageuzwa, likamegwa upande wa pili, kwa mfuatano, mpaka makali yakazunguka. Mto unagonga ovyo na kulainisha kingo. Jua na moto hubandua jiwe bila alama ya pigo. Mtu akigonga, kibanzi hutoka na kiuvimbe karibu na pale pigo lilipotua, na viwimbi vinasambaa kutokea hapo. Tena anatafuta ukingo wenye pembe chini ya nyuzi 90, la sivyo kibanzi hakitoki. Mwanaakiolojia Clark Howell alichimba pale Isimila 1957 na 1958, akayakuta mashoka kama hili yamelala kwa wingi. Mto gani unarudia umbo lilelile mara zote hizo?

Jibu lake? Kalipiga TEKE liingie vizuri. Chini ya tairi, wakuu! Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, yeye anapiga teke!

Mzee wa Kihesa: Mleta uzi, gari liliserereka au halikuserereka? Tuanzie hapo.

Mleta uzi: Halikuserereka, lakini hiyo siyo hoja! CHINI YA TAIRI!

Ngosha Mtulivu: Hahaha! Miaka 260,000 na bado linapiga kazi. Betri niliyouziwa juzi haijamaliza hata mwezi.

Kokoto Kavu: Mnamcheka mwalimu bure. Hata wataalamu walishaingia mkenge. Uganda, mwanajiolojia Wayland aliona kokoto zilizopasuka bonde la Kafu, akasema ni zana za watu wa kale kabisa. Mwaka 1959 mwanajiolojia mwingine, Bishop, akaonyesha kuwa maumbile yenyewe yanaweza kuzipasua hivyo. Kovu moja halitoshi, lazima uone mpangilio wa makovu, na jiwe lilikuwa limelala wapi, pamoja na nini. Ukilihamisha, ushahidi huo umeondoka.

Mleta uzi: ASANTE! Na yeye kalihamisha, kalipeleka chini ya tairi!

Bonge la Bwana: Mwalimu naye, si ungemtafutia tofali mapema?

Dada wa Mafinga: Ngosha, betri gani hiyo? Mimi N70 imekufa wiki ya pili, muuzaji anasema nimeichaji vibaya.

Ngosha Mtulivu: Hiyohiyo dada! Na risiti kagoma kutoa.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa shoka.

Fundi Mwaminifu: Msilaumu betri, hiyo ni altaneta haichaji. Leteni nipime, kupima ni bure.

Mzee wa Kihesa: Bure ya mafundi naijua. Wa kwangu alipima bure, akaondoka na redio.

Dada wa Mafinga: Fundi, upo Iringa mjini au Mafinga?